Mwongozo wa Kuchagua Mahali pa Makumbusho ya Reli na Hifadhi ya Nyaraka Zake Jijini Mwanza

Kila wastaafu wa reli wanapokutana na vijana wanaopenda historia ya garimoshi, swali la kwanza huwa lile lile: kwa nini tusichukue lile ghala la zamani kando ya ziwa, likawa makumbusho na hifadhi ya nyaraka kwa pamoja? La pili hufuata kabla la kwanza halijajibiwa: tuhamie lini? Mwongozo huu ni kwa ajili ya kamati ndogo iliyofika hapo, isiyo na mhandisi wala mtunza nyaraka wa kuajiriwa, na ambayo bado ina nafasi ya kukataa jengo baya.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Makumbusho na nyaraka ni wageni wawili wasiolala chumba kimoja kwa raha. Makumbusho yanataka watu, reli inayofika mlangoni, na nafasi ya mtoto kurudi nyuma hatua kumi ili aione injini nzima. Nyaraka zinataka mahali pakavu, penye kivuli, pasipopitwa na watu ovyo, na kwa kawaida mahali hapo hapavutii hata kidogo. Kama ni lazima kuanza na kimoja, tafuta kwanza pa kuweka nyaraka. Injini ya chuma inaweza kusubiri mwaka mzima chini ya paa la bati lisilo na ukuta, ukaipaka grisi na ikakusamehe. Leja ya stesheni iliyolowa haisubiri hata wiki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi kamba ya mita 30 au zaidi, na ya kawaida ya mita 5.
- Daftari lenye jalada gumu na kalamu ya risasi. Wino haufai karibu na nyaraka.
- Vipimajoto viwili vinavyoonyesha pia unyevu wa hewa. Vile vidogo vya betri vinatosha.
- Karatasi kadhaa za nailoni nzito zenye ukubwa wa mita 1 kwa mita 1, na gundi ya utepe.
- Tochi yenye mwanga mkali, barakoa na glavu.
- Nakala ya ramani ya kiwanja, ikiwezekana kutoka ofisi ya ardhi ya jiji.
- Mzee mmoja aliyefanya kazi au kuishi katika eneo hilo kwa miaka mingi. Huyu msimwache nyumbani, kwa maana anajua maji yaliingia wapi na mwaka gani.
- Muda wa kutosha kupitia msimu mmoja wa mvua, ama ule wa Oktoba hadi Desemba au wa Machi hadi Mei.

Hatua ya 1: Pimeni mlichonacho, si mnachotamani

Nyaraka hazihesabiwi kwa masanduku, kwa sababu masanduku hutofautiana; hupimwa kwa urefu wa rafu. Zisimamisheni kama vitabu kwenye meza, mpime urefu wake kwa mita, kisha mwongeze nusu ya urefu huo kwa ajili ya zitakazoletwa baadaye. Zitaletwa, kwani familia za wafanyakazi wa zamani zikisikia kuna mahali salama hufungua masanduku ya chini ya kitanda.

Tuseme mna mita 120. Ukiongeza nusu unapata mita 180, yaani makabati 30 ya wazi yenye upana wa mita 1 na rafu 6 kila moja. Yakipangwa mgongo kwa mgongo na njia za sentimita 80 katikati, yatachukua karibu mita 24 za mraba. Pamoja na njia kuu na meza ya kazi, chumba cha mita 6 kwa 7 kinatosha. Kamati nyingi hutafuta jengo kubwa kuliko mahitaji yake, zikaishia kulipia paa zisiloweza kulitunza.

Michoro ya madaraja, ya mabehewa na ya njia ipimwe kando. Karatasi yake hufika sentimita 84 kwa 119, nayo inahitaji kulazwa bapa katika droo pana. Ile ya rangi ya bluu iwekwe mbali na mwanga, maana hufifia.

Amueni pia mapema kama nyaraka za meli zimo. Hapa Mwanza ni vigumu kuzitenga. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, miaka 14 baada ya reli ya kati kufika Kigoma. Katika kipindi hicho cha katikati mzigo wa Mwanza uliotaka kufika baharini kwa treni ulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ukapanda behewa kuelekea Mombasa. Baadaye meli za mabehewa kama MV Umoja zilibeba mabehewa yenyewe, na reli ikaingia ndani ya meli pale Bandari ya Kusini. Kwa hiyo anayekusanya hati za njia za mizigo za stesheni atakuta na hati za ziwani zimeshikana nazo, na nafasi yake lazima ihesabiwe.

Hatua ya 2: Jueni ni mali ya nani

Karatasi zilizotengenezwa na shirika la umma katika kazi zake ni kumbukumbu za umma, hata kama zimekaa miaka 30 kwenye stoo ya mtu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu mahali zinapohifadhiwa. Waandikieni kabla ya kuchagua jengo, kwa sababu huenda wakawa na masharti kuhusu chumba chenyewe, na huenda wakashauri baadhi ya majalada yakae kwao nanyi mkabaki na nakala.

Majalada ya wafanyakazi yana habari za magonjwa, adhabu na mishahara. Yanahitaji kabati la kufungwa kwa ufunguo katika jengo lolote mtakalochagua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafaa kusomwa na angalau mmoja wenu.

Hatua ya 3: Anzeni na ziwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoponzwa. Ziwa Victoria halitulii mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likafika na kuvuka kidogo kiwango kile cha 1964. Anayetazama ghala la ufukweni mwezi Agosti, maji yakiwa mbali na nyasi zikiwa zimekauka, haoni hata dalili ya haya yote.

Fanyeni hivi. Tafuteni alama ya maji ya mwaka 2020 kwenye kuta za gati, kwenye nguzo na kwenye misingi ya nyumba za jirani. Huwa ni mstari wa rangi ya kahawia au chokaa iliyobanduka. Pimeni kutoka alama hiyo hadi kwenye sakafu ya jengo mnalolitaka. Mimi sikubali sakafu ya nyaraka isiyofika mita 3 juu ya alama hiyo. Kwa makumbusho naweza kukubali mita 1, ikiwa vitu vyote vinavyooza vimewekwa juu ya majukwaa.

Tahadhari: maji ya ziwa hayaingii kwa mlango peke yake. Miaka ya nyuma mimi na wenzangu tuliweka masanduku 11 ya leja katika ghala tulilopewa na mtu mwema karibu na maji. Paa lilikuwa zima, mlango ulikuwa mzima, na ziwa halikuwahi kufika kizingitini. Ziwa lilipopanda, unyevu ulikuja kutoka chini, ukapanda ndani ya zege, ukaingia kwenye masanduku yaliyokuwa yamekaa sakafuni. Tulipofungua, kurasa za leja nne zilikuwa tofali moja. Kosa lilikuwa letu: hatukuziinua.

Kumbukeni vilevile kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kuongeza chumba kipya nyuma ya ghala la ufukweni kunaweza kukataliwa hata kama ghala lenyewe limekuwapo tangu enzi za ukoloni.

Mlima nao una maji yake. Mvua ikinyesha juu ya mawe makubwa ya Mwanza haizami; inateremka yote kwa kasi na kupita nyuma ya nyumba. Angalieni mfereji wa upande wa mlimani kabla ya kuangalia kitu kingine. Viwanja vya kandokando ya Mto Mirongo, katikati ya jiji, viondolewe kwenye orodha ya nyaraka bila mjadala.

Hatua ya 4: Litembeleeni jengo mvua ikinyesha

Jengo lionwe mara tatu: mara moja jua likiwa kali saa nane mchana, mara moja usiku, na mara moja mvua ikiwa inanyesha. Ziara ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa. Simameni ndani, zimeni taa, muangalie dari kwa tochi, msikilize matone.

Bandikeni karatasi ya nailoni juu ya sakafu kwa gundi pande zote nne, na nyingine ukutani. Ziacheni siku mbili. Mkikuta matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unatoka kwenye jengo lenyewe, na rangi mpya haitauzuia.

Wekeni kipimajoto kimoja katikati ya chumba na kingine karibu na ukuta wa nje, msome asubuhi na jioni kwa wiki zisizopungua nne. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku nyingi mfululizo, ukungu utaota kwenye karatasi. Lengo zuri ni kati ya asilimia 40 na 55. Kuhusu joto, chini ya nyuzi 25 panafaa kwa mazingira yetu, lakini kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimika kila umeme unapokatika ni kibaya kuliko chumba cha kuta nene kinachobaki nyuzi 26 usiku na mchana. Ndiyo maana napenda nyumba za zamani za mawe zenye veranda pana kuliko ofisi mpya za vioo, hata pale ambapo ofisi hizo zinatolewa bure.

Hatua ya 5: Pimeni nguvu ya sakafu

Mita moja ya rafu iliyojaa karatasi ina uzito wa karibu kilo 50. Kabati la rafu 6 lina kilo 300, nalo limesimama juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Hata ukigawanya uzito huo pamoja na njia za katikati, unapata karibu kilo 375 kwa kila mita ya mraba, ilhali sakafu ya ghorofa ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba karibu kilo 250. Kwa hiyo nyaraka zikae ghorofa ya chini, juu ya zege lililo juu ya ardhi, na rafu ya mwisho iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Mkipewa ghorofa ya juu, msihamishe hata boksi kabla mhandisi hajaandika na kutia saini.

Hatua ya 6: Fuateni reli kwa ajili ya makumbusho

Sasa tugeukie mgeni wa pili. Injini na mabehewa yetu ya zamani ni ya reli ya upana wa mita 1, yaani milimita 1,000. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Kiwanja kizuri kilicho kando ya SGR hakiwezi kuletewa behewa la zamani kwa magurudumu yake. Litabebwa kwa lori lenye jukwaa la chini, pamoja na kreni mbili, na gharama hiyo peke yake inaweza kumaliza mfuko wa kamati. Tafuteni kiwanja kinachogusa njia ya zamani, au kilicho umbali ambao mataruma machache ya ziada yataufikia.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, yana funzo zuri hapa: yako jirani na stesheni, na vitu vyake vizito viliingia kwa reli. Injini ya daraja la 59 iliyoko pale, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima ulioko kwetu Tanzania, ina uzito wa tani 252 ikiwa tayari kwa kazi. Hakuna lori la Mwanza la kuipandisha mlimani, na hamna haja ya kitu cha ukubwa huo ili kuelewa kwamba njia ya kuingilia huamua mtakachoonyesha.

Pimeni urefu ulionyooka wa njia ya pembeni. Injini moja na mabehewa mawili havitakaa katika mita 30. Pimeni na upana wa lango, ukubwa wa kona na kimo cha nyaya za umeme zinazokatiza.

Kuwa mbali na katikati ya jiji si dhambi. Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, nje ya jiji, na wageni huyafuata huko huko. Ila huko kuna mengi ya kuona mahali pamoja. Behewa moja peke yake porini halitamtoa mtu nyumbani.

Hatua ya 7: Wajueni majirani

Usiku, washeni taa kwenye dirisha linalotazama ziwa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi wakija, asubuhi mtafagia vumbi lao kwenye rafu, na nyuma yao watakuja buibui na mijusi. Dirisha kama hilo linahitaji wavu mwembamba au lizibwe. Kagueni dari kwa ajili ya popo, na misingi kwa ajili ya njia za udongo za mchwa. Ulizeni nani yuko nyuma ya ukuta: fundi wa kuchomelea, muuza mafuta ya taa na jiko la kukaangia samaki ni watu wema, lakini si majirani wa nyaraka. Mwombeni ofisa wa Zimamoto na Uokoaji apite aone kama gari lake linafika mlangoni.

Paa la zamani la kijivu linalofanana na saruji laweza kuwa la asbesto. Msilitoboe, msilikate wala kulisugua.

Hatua ya 8: Pateni maandishi

Ridhaa ya mdomo ya meneja hudumu hadi meneja ahamishwe. Takeni mkataba wa maandishi, wa miaka isiyopungua 10, unaosema nani anatengeneza paa, nani analipa umeme, na mtapewa miezi mingapi ya kuhama. Msidhani uzee wa jengo unalilinda: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, na ya baadaye, kama stesheni zote za njia hii, hulindwa yakitangazwa rasmi.

Hatua ya 9: Jaribuni kabla ya kuhamia

Wekeni kabati moja la magazeti ya zamani yasiyo na thamani katika chumba mlichochagua, mliache msimu mzima wa mvua. Yakitoka makavu, bila madoa na bila harufu, hamisheni nyaraka. Mtu akiwaambia mnachelewesha, mwonyesheni magazeti.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Tumepata stesheni nzuri kwa makumbusho, lakini ina unyevu.* Tenganisheni. Makumbusho yabaki stesheni na nakala za picha na michoro. Nyaraka halisi ziende kwenye nyumba kavu iliyo mahali pa juu, mbali na maji. Umbali wa nusu saa kwa daladala hauna shida ikiwa kuna orodha moja inayosema kila kitu kiko wapi.

*Nyaraka zimelowa.* Mna karibu saa 48 kabla ukungu haujaanza. Chache zitandazwe kivulini penye upepo wa feni, karatasi nyeupe zisizoandikwa zikiwekwa katikati ya kurasa; msizianike juani. Zikiwa nyingi, zifungwe kwenye nailoni na kugandishwa, kisha zikaushwe kidogo kidogo baadaye. Mwanza ina bahati moja katika hili: viwanda vya samaki vina vyumba vya baridi kali. Zungumzeni na kimoja mapema, mkiwa wakavu, kwa sababu siku ya mafuriko si siku ya kuanza kujitambulisha. Zifungeni vizuri mara mbili, la sivyo leja zitanukia sangara.

*Filamu zinatoa harufu ya siki.* Zinaoza, na harufu hiyo huharibu za jirani. Zitengeni katika chumba chenye hewa, na kopi zifanywe haraka. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zinazonata, zenye unga wa kahawia, huenda ni za nitreti, ambazo huwaka hata zikizamishwa majini. Msiziingize ndani ya jengo hata kwa usiku mmoja. Wapigieni Idara ya Nyaraka na Zimamoto.

*Mchwa wamefika kwenye rafu za mbao.* Ondoeni masanduku yote kwanza, myafungue nje moja moja, kisha ndipo aitwe mpiga dawa. Dawa isipulizwe juu ya karatasi. Rafu mpya ziwe za chuma kilichopakwa rangi, zisimame sentimita chache mbali na ukuta ili njia ya udongo ionekane mapema.

*Mwenye jengo analitaka kabla ya muda.* Someni kifungu cha miezi ya kuhama mlichoandika katika Hatua ya 8. Kama hamkukiandika, ombeni miezi sita kwa barua, mpeleke nakala kwa Idara ya Nyaraka, kisha mrudi kwenye orodha ya majengo mliyoyapima mwanzoni. Lile lililoshika nafasi ya pili ndilo la kwenda kuligongea mlango kwanza.